Nimebadilisha springi mara 2, Land Rover 109 la marehemu baba bado linatembea kama kaa (Moshi)

Mtoto_wa_Dereva
Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za jioni. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Gari ni Land Rover 109, Series III, dizeli, la marehemu baba. Alilinunua mnadani mwaka 1989, likabeba kahawa, ndizi, wagonjwa wa kijiji kizima na maharusi wasio na idadi. Mzee alipotutoka likalala chini ya mparachichi kule Kibosho miaka 6. Mwaka jana nikalishusha Moshi mjini kwa kuvutwa.

Injini iliwaka, hapo namshukuru Mungu. Shida ni mwendo. Usukani lazima niushike umekata kidogo kulia ndipo gari linyooke. Jamaa yangu alikuwa nyuma yangu na pikipiki, akanipigia simu anacheka hadi anakohoa: "Mangi, gari lako linatembea kama kaa, matairi ya nyuma yana safari yao." Tairi la mbele kushoto limelika upande wa ndani, miezi 2 tu. Na likiegeshwa limeinamia upande wa dereva.

Gereji niliyoanzia (siitaji) walisema springi zimechoka. Nikanunua za mtumba pande zote 4. Vilevile. Wakasema zile zilikuwa mbovu, nikanunua mpya. Vilevile. Sasa wananiambia boksi la stelingi. Naombeni mawazo kabla sijauza shamba.

Chuma_Chakavu
Mkuu, kwa kilo linalipa vizuri. Nitumie ramani nije na Fuso.

Pasua_Kwetu
Naweka kambi hapa. Mzee wangu ana Land Rover 88, ile fupi, imelala nyuma ya banda la ng'ombe, majibu haya yananihusu.

Fundi_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Usinunue hata nati mpaka upime.

Gari la springi za pleti likitembea kama kaa, mtu wa kwanza kukamatwa ni senta bolti. Ile bolti inayopita katikati ya pleti zote, kichwa chake kinaingia kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Hicho kichwa ndicho kinachoipangia ekseli mahali pa kukaa. Yubolti, zile za umbo la U zinazofunga springi na ekseli, zikilegea, kila ukifunga breki ekseli inakigonga, siku moja kinakatika na ekseli inateleza upande mmoja. Lakini wewe springi umebadili mara 2, senta bolti zilikuja mpya. Kwa hiyo mimi simkamati huyo. Naitazama chasisi yenyewe, pale springi inaposhikia.

Hayo mambo yako matatu usiyafanye jambo moja. Tairi la mbele kulika ndani ni tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele; imefungwa vibaya, matairi yanatazama nje. Kuinamia upande wa dereva, nitakuuliza: waliokufungia springi walikuwa wanajua ya kulia ni ipi na ya kushoto ni ipi? Kwenye Land Rover hizi si pacha. Ya upande wa dereva imekunjwa zaidi kuliko mwenzake, maana upande huo ndio unaobeba mtu kila siku, na kwenye nyingi tangi la mafuta pia liko hukohuko. Zilaze chini mbili mbili uone mgongo upi umeinuka. Kutembea kama kaa ndiyo kesi kubwa.

Kupima hakuhitaji mashine. Tafuta sakafu ya saruji iliyonyooka, matairi ya mbele yaelekee mbele sawasawa. Chukua timazi ya fundi mwashi, iteremshe katikati ya kila gurudumu, weka alama kwa chaki. Halafu iteremshe kwenye tundu la bolti ya kila shikio la springi, kulia na kushoto, weka alama. Sogeza gari. Sasa una picha ya gari lako sakafuni. Pima mbele hadi nyuma kila upande, kisha pima kwa mshazari, kona kwa kona. Hiyo 109 ni inchi, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, sawa na milimita 2,769 hivi. Pande mbili zikitofautiana milimita 3 au 4, ni uzee. Zikitofautiana zaidi, rudi hapa.

Chuma_Chakavu
Mzee wangu kwa heshima zote, Land Rover si bati la alumini? Linaoza vipi?

DadaSpana
Bodi ndiyo alumini, kaka. Land Rover ilitoka mwaka 1948, Uingereza imetoka vitani, chuma kinagawiwa kwa kibali, alumini ya viwanda vya ndege ipo tele. Wakatengeneza bodi kwa hiyo. Lakini chasisi ni chuma, na si bomba moja: ni vipande vinne vya bamba la unene wa karibu milimita 2 vimechomelewa pembeni kuwa boksi refu. Ndani hakuna rangi ya maana. Maji ya matope yakiingia hayana haraka ya kutoka. Kibaya zaidi, alumini na chuma vikigusana penye unyevu vinatafunana vyenyewe. Ndiyo maana unakuta bodi inang'aa, chini kumebaki kutu na sala.

Mimi nipo Arusha, Unga Limited, ndiyo kazi yangu. Magari ya huko milimani kwenu yananiogopesha kuliko ya nyika. Ule udongo mwekundu wa migombani unakaa na maji mwezi mzima baada ya masika.

Pasua_Kwetu
"Kutu na sala" 😂😂 naandika ukutani.

Mtoto_wa_Dereva
Wakuu, nimerudi. Jumamosi nzima nimekuwa mtu wa chaki na timazi kwenye sakafu ya godauni la rafiki yangu. Mlinzi alidhani natafuta hazina.

Kulia: milimita 2,768.
Kushoto: milimita 2,747.

Nimepima mara 3 maana sikuamini. Milimita 21! Ekseli ya nyuma upande wa kushoto imekaa mbele kuliko kulia.

Nikaingia chini na tochi. Shikio la mbele la springi ya nyuma kushoto si la kiwandani. Lina mshono mnene kama kiwavi umezunguka pande zote, na bamba la juu limepigwa rangi nyeusi juu ya kutu. Kumbe kuna mtu alishalikata na kulirudisha, akalirudisha mbele. Ndugu yangu mkubwa ndipo akakumbuka: mwaka fulani baba alivunja springi njia ya kwenda Machame, gari likalala gereji wiki nzima. Kumbe mzee aliendesha gari la kaa miaka yote hiyo, na sisi tukidhani ule mkao wake wa kuegemea kulia ni maringo.

Nikagonga kwa nyundo kama nilivyoona mafundi wanafanya. Chasisi pale ilipo nzima inalia ngo, ngo. Kuanzia kwenye lile shikio kurudi nyuma kama mita moja inajibu kama boga. Bisibisi ikaingia hadi mpini.

Kuna wa kuniambia ninunue chasisi nzima?

Fundi_Mstaafu
Pole. Lakini sasa unajua.

Chasisi mpya zinatengenezwa mpaka leo Uingereza, na zilizochovywa zinki hazishikwi na kutu kirahisi. Shida ni meli, ushuru, na kulivua gari lote mpaka libaki mifupa. Ukiwa na mita moja mbovu na nyingine nzima, kata na uchomelee. Kama ngo, ngo unaisikia mbele, katikati na kwenye vile vibega vinavyobeba bodi, bado una chasisi.

Boriti la mwisho nyuma kabisa umeligonga? Hilo ndilo linaanza kuoza, kila mara.

Mtoto_wa_Dereva
Nimeligonga mzee. Limejibu kama boga pia. Sikutaka kusema.

Chuma_Chakavu
Fuso iko njiani.

DadaSpana
Kabla hujamruhusu mtu aguse grenda, soma hapa. Nimeona magari yakiharibiwa na mafundi wazuri waliokuwa na haraka.

Kwanza namba ya chasisi. Kwenye hizi imegongwa mbele upande wa kulia, jirani na shikio la springi. Iko mahali pa kijinga kabisa, ndipo tope linapokaa na ndipo watu wanapopiga grenda. Isafishe kwa brashi ya mkono, ipige picha na kadi ya gari ikiwa pembeni. Mtu akiifuta, utakuwa na gari zuri lisilo na jina, na maelezo yako TRA na kwa trafiki yatakuwa marefu kuliko uzi huu. Ukilazimika kugusa sehemu hiyo, nenda kaulize kwao kabla, si baada.

Pili, toa tangi la mafuta. Si kulifunika na gunia bichi, kulitoa. Toa nyaya za betri na za alteneta.

Tatu, usikate upande mmoja gari likiwa linaning'inia. Weka stendi chini ya chasisi sehemu nzima, mbele na nyuma ya mahali unapokata, halafu chomelea nondo au angle ya muda kuvuka lile pengo. Chasisi ikishakatwa inalala kama chandarua bila wewe kujua.

Nne, viraka. Kiraka cha mraba chenye mshono uliosimama wima kinaikata chasisi palepale miaka miwili baadaye, maana mkunjo wote unakwenda kwenye ule mstari. Kata bamba lenye ncha, kama almasi ya karata, mshono uende mshazari. Bamba la milimita 3 linatosha. Ukitia la 6 unahamishia ufa kwenye kile chembamba cha jirani. Na usichomelee juu ya kutu! Kata mpaka ukutane na chuma cheupe.

Tano, joto linavuta chuma. Piga nukta za kuchomelea kwanza, pima, kisha mishono mifupi mifupi ya vidole viwili, ruka upande wa pili, rudi. Fundi akitiririsha mshono mmoja wa nusu mita kwa raha zake, boksi linapinda kama ndizi.

Kijenge_Juu
Dada umemaliza. Mimi niongeze: shikio jipya lisichomelewe likiwa tupu. Fungeni springi na ekseli kabisa, gari likae kwenye umbo lake, pimeni kulia ndiyo mwalimu, halafu ndiyo shikio lipigwe nukta. Wale waliokukosea waliweka kwa jicho.

Pasua_Kwetu
Swali la wengi: gharama?

Mtoto_wa_Dereva
Mke wangu naye anasoma humu.

Mtoto_wa_Dereva
Mrejesho wa wiki 3. Nimempata fundi wa kuchomelea hapa Majengo, mtu mzima, maneno machache. Nilimsomea posti ya DadaSpana yote kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema "huyo mtoto amefundishwa," akachukua chaki.

Tulipofungua lile boksi upande wa kushoto, udongo ulitoka ndoo kubwa moja na nusu. Mkavu, mwekundu, umeshikana kama tofali. Ndani yake: gunzi la muhindi, nusu ya sega la plastiki, na sumni, sarafu ya senti 50. Ile ya sungura! Kutu ilitoboa sakafu, mambo yakawa yanadondokea humo miaka na miaka. Sumni nimeiweka kwenye dashibodi.

Boriti la nyuma tumelitengeneza jipya lote. Ubavu wa kushoto mita moja na kidogo, pande tatu za boksi. Upande wa juu ulikuwa mzima.

Sasa niwaambie kuhusu bushi, maana hapo ndipo nilipotokwa jasho kuliko chasisi. Zile bushi za kwenye chasisi, za upande wa shakeli (kile kiungo kinachoning'iniza ncha ya springi), zina gamba la chuma nje, mpira katikati, bomba dogo ndani. Zilikaa humo tangu kiwandani. Tuligonga kwa nyundo ya kilo 5, hazikucheka. Tukavuta kwa bolti ndefu na nati, bolti ikakatika. Mwishowe fundi akauchoma mpira kwa moto wa gesi. Moshi mweusi, harufu ya matairi ya maandamano, majirani wakafunga madirisha. Bomba la kati likadondoka lenyewe. Likabaki gamba. Akaingiza msumeno wa chuma ndani ya tundu, akaufunga upya kwenye fremu yake, akakata gamba kwa ndani polepole, anasimama anapapasa kwa kidole, anakata tena. Anaogopa kuumiza tundu la chasisi. Bushi moja dakika 40. Gamba lilipofika mwisho likalia tik, likalegea, likatoka kwa patasi na pigo moja tu. Nilitaka kumkumbatia.

Zikafuata 3 nyingine.

Fundi_Mstaafu
Huyo ni fundi. Mlipe kabla hajadai.

Chuma_Chakavu
Nimegeuza Fuso. Ila sumni nainunua.

Kijenge_Juu
Ndani ya chasisi sasa utapaka nini? Wazee wetu walimwaga oili chafu kila mwaka kabla ya masika na magari yakadumu.

DadaSpana
Hapo tutagombana kaka. Oili chafu inazuia kutu kweli, sikatai, lakini inashuka kwenye bushi mpya na mpira unavimba kama andazi. Inadondoka kwenye breki. Inaingia ardhini, na mtu ana kisima hapo chini. Nje: brashi ya waya, redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mikono miwili, kisha nyeusi. Ndani: nta ya chasisi ya kupuliza kwa mrija. Ukiikosa, yeyusha grisi na oili safi kidogo, pulizia kwa bunduki ya rangi kupitia matundu. Na matundu ya kutolea maji yaachwe wazi. Watu wanaziba kila tundu wakidhani wanaokoa, wanatengeneza mtungi.

Kijenge_Juu
Sawa, kwa bushi umenishinda. Ila la marehemu babu yangu lina oili chafu tangu enzi za Mwalimu na linapanda Ngaramtoni na magunia.

Fundi_Mstaafu
Wote mko sawa. Babu alikuwa na bushi ngapi nzima?

Kijenge_Juu
😂 Mzee acha hizo.

Mtoto_wa_Dereva
Mrejesho mwingine, na huu una aibu.

Tulifunga kila kitu. Springi zimepangwa, iliyoinuka mgongo upande wa dereva. Shokapu mpya. Yubolti mpya. Kulia milimita 2,768, kushoto milimita 2,767. Mshazari tofauti milimita 2. Nikapiga picha futi kamba nikaituma kwenye kundi la familia, hakuna aliyeelewa.

Tukashusha gari. Limesimama juu kama mbuni, nyuma gumu, ukipita tuta linakurusha. Wiki moja tu, bushi moja mpya imeanza kuchanika. Bushi mpya wakuu! Springi zile zile za jamaa wa kwanza ni feki au vipi?

Fundi_Mstaafu
Nijibu kwanza: bolti za shakeli na za mashikio mlizikaza gari likiwa wapi?

Mtoto_wa_Dereva
Juu ya stendi. Matairi yananing'inia.

Fundi_Mstaafu
Basi springi hazina kosa. Bushi za namna hiyo mpira umeganda kwenye mabomba yote mawili, la ndani na la nje. Bolti ikikazwa, bomba la ndani linashikwa na shakeli halizunguki tena. Kuanzia hapo kila springi inapocheza, mpira unajisokota, na unataka kurudi pale ulipokazwa. Ninyi mlikaza ekseli ikiwa imening'inia chini kabisa. Likishuka na uzito wake, mpira uko kwenye msokoto saa 24, hata limelala uani. Ndiyo maana limebaki juu na gumu, na ndiyo maana bushi imechanika.

Legeza bolti zote 12, gari likiwa chini kwenye matairi yake. Panda wewe na watu wawili nyuma, mruke ruke, lisukume mbele na nyuma mita chache likae. Kisha kaza hapohapo likiwa chini. Ile iliyochanika ibadili, najua unajua namna ya kuitoa.

DadaSpana
Nimejipiga kofi. Hili nililisahau kwenye orodha yangu, kaka nisamehe. Ndilo kosa la kila gereji niliyopita, maana juu ya stendi ndiko kuna nafasi ya spana.

Mtoto_wa_Dereva
Dada usijali, umeniokolea namba ya chasisi.

Nimelegeza leo asubuhi. Bolti ya kwanza ilipoachia, gari lilishusha pumzi, krrr, likashuka nyuma kama vidole viwili mbele ya macho yangu. Watoto wa jirani wakapanda 6 kuruka, bila malipo, walitaka kuendelea. Tukakaza kwa chini, fundi kalala juu ya boksi la karatasi.

Tairodi nayo imerekebishwa, mzee ulisema kweli, matairi yalikuwa yanatazama nje.

Pasua_Kwetu
Tupe majibu ya barabarani basi, tunasubiri kama matokeo ya kidato cha nne.

Mtoto_wa_Dereva
Jumapili nimekwenda nalo Arusha na kurudi, karibu kilomita 160. Bomang'ombe nilisimama kugusa vitovu vya magurudumu kama vina joto, havina. Baada ya hapo, kwenye kipande kilichonyooka, niliachia usukani. Sekunde moja, mbili, tatu. Limenyooka. Mama alikuwa amekaa kiti cha pembeni, akaniangalia, akasema, "Baba yako hakuwahi kuachia." Nikamwambia hakuweza, mama. Akanyamaza mpaka Usa River, akauliza kama pale wanauza mkaa bei nzuri.

Kurudi nyumbani tulikuja na magunia 3 ya mkaa na gari halikuinama.

DadaSpana
🙌🙌 Umepita Unga Limited hukunisalimia! Next time breki.

Chuma_Chakavu
Nakubali yaishe. Ila 88 ya Pasua_Kwetu bado naiangalia.

Pasua_Kwetu
Usithubutu. Kesho natafuta timazi.

Fundi_Mstaafu
Hongera mwanangu. Yubolti mpya zinalegea zikishakaa, pleti zinajibana. Umezikaza tena baada ya safari?

Mtoto_wa_Dereva
Bado mzee. Naingia chini sasa hivi.

Mtoto_wa_Dereva
Nati 16. Tano zimezunguka robo.